Kirusi cha Bibi Nakijwa

1

Choo cha wadi ya watoto kilimshtaki Nakiete kabla hajajua kutamka neno lolote zaidi ya "mama". Mdogo wangu Eliwaza alimkalisha pale asubuhi kama muuguzi alivyomwagiza, akasubiri, akamfuta, na kabla hajamvalisha nepi taa ya kijani ya ukutani ikageuka nyekundu. Sauti laini ya kike, ile ile inayotupongeza kila siku kwa kuwa na matumbo yenye leseni, ikatangaza wadi nzima isikie: "Mtoto huyu amebeba kirusi kisichoruhusiwa. Tafadhali msimguse mpaka mhusika afike."

Eliwaza alinipigia simu huku analia. Nilikuwa ghorofa ya chini, kwenye maabara yangu, mbele ya kisomanasaba. Kazi yangu ndiyo hiyo, kusoma nasaba za virusi vya tumboni. Serikali inaniita Msajili wa Viumbe vya Tumboni. Watu wa huku milimani Upare wananiita daktari wa kinyesi, na kwa kweli hawajakosea.

"Dada, wanasema mwanangu kaiba!"

"Kaiba nini?"

"Mimi nitajuaje? Choo ndicho kimesema!"

Nilipanda ngazi hasira ikinitangulia. Nimefanya kazi na vyoo hivyo miaka mingi, na bado sijazoea kusikia kampuni iliyovifunga ikisema na mama wa watu kupitia tundu la choo.

Wadi ilikuwa imejaa. Mharo sugu ulikuwa umerudi, na safari hii ulikuja na sura ambayo dawa haikuijua. Tangu nilipokuwa sekondari, kila mtoto anayezaliwa popote duniani anadondoshewa mdomoni matone ya Tulizo. Tulizo si dawa kama vidonge vile vya zamani. Ni kirusi. Hakimdhuru mtu hata kidogo. Windo lake ni bakteria wa mharo sugu. Kinamng'ang'ania kwenye ngozi, kinamtoboa, kinazaliana ndani yake mpaka anapasuka. Kilifanya kazi hiyo vizuri kwa muda mrefu, na kampuni ya Tumbolinda ikatajirika. Lakini bakteria naye hakukaa bure. Alibadilisha ngozi. Sasa Tulizo ilikuwa inapita kando yake bila kumtambua, na watoto wa kila nchi walikuwa wanaharishwa hadi kukauka.

Wa kwetu walilala wawili wawili kwa kitanda, macho yamezama, dripu zimewachosha mikono. Ukivuta ngozi ya tumbo inabaki imekunjamana pale pale. Katikati yao alikuwa Nakiete wetu, ameketi wima, anatafuna ukingo wa shuka na kumchekea kila anayepita. Aliletwa na ugonjwa ule ule. Alikuwa amepona, na hakuna aliyempa kitu cha kumponya.

"Msimguse," choo kikarudia.

Nikambeba.

2

Nilishuka naye maabara, Eliwaza nyuma yangu na kandambili zake zikipiga sakafu. Nikaweka sampuli ya mtoto kwenye kisomanasaba, na mti wa nasaba ukaanza kuchorwa kwenye kioo.

Niseme kidogo juu ya mti huo, maana kesi yote imo humo. Tumbo la binadamu lina virusi vingi kuliko nyota unazoweza kuziona, na karibu vyote havina habari na sisi. Vinaishi kwa kula bakteria wetu. Tunavirithi kwa mama, kwa bibi, kwa wale tunaokula nao sahani moja. Watu walipovuka majangwa vilivuka nao, walipochukuliwa utumwa vilichukuliwa nao, walipopanda ndege vikapanda bila tiketi. Kila vilipofika, vilibadilika kidogo ili kuwafuata bakteria wa mahali hapo. Ndiyo maana nikisoma tumbo la mtu naweza kukuambia wazee wake walipita wapi, na mara nyingi namwambia mambo ambayo ukoo wake wenyewe umeshasahau.

Kirusi cha Nakiete kilikuwa na chapa. Chapa ni kipande kifupi kisicho na kazi yoyote, ambacho Tumbolinda walikipachika ndani ya Tulizo ili kila mzao wake ajulikane ni wao. Ilikuwepo, imenona, haina shaka. Nusu ya kirusi hicho ilikuwa Tulizo.

Nusu ya pili ilikuwa ya zamani, ya huku huku. Niliitambua mara moja kwa sababu nilikuwa nimeshaiona mahali pamoja tu, kwenye tumbo la Bibi Nakijwa, mama yake baba yangu.

Sasa sikiliza hili, uone kama hutakasirika. Nilipokuwa shule ya msingi walikuja wageni kijijini na vikopo vya plastiki. Wakasema wanapima minyoo. Bibi akajaza kikopo chake, akapewa kipande cha sabuni na ahsante, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kumwambia kama ana minyoo. Kirusi kilichokuwa kwenye kikopo kile ndicho walichokipiga chapa wakakiita Tulizo. Kikaenda Lima, kikaenda Dhaka, kikaenda Oslo. Kikazunguka dunia ndani ya matumbo ya watu, na mwisho kikarudi Upare pamoja na kila mtoto aliyezaliwa hospitalini na kila kijana aliyetoka kutafuta maisha nje. Kikaingia kwenye tumbo la Bibi. Humo kikakutana na ndugu zake ambao hawakuwahi kuondoka, na wakabadilishana vipande, kama viumbe hawa wanavyofanya siku zote wakikutana ndani ya bakteria mmoja. Kikazaliwa kipya, chenye ndoano mpya inayoshika ngozi mpya.

Kilimfikiaje Nakiete? Kwenye nyumba yetu, chakula cha kwanza cha mtoto hutafunwa na mwanamke mkubwa kuliko wote aliye hai. Bibi alimtafunia makande. Akachovya kidole, akamlambisha.

"Kwa hiyo si mwizi," Eliwaza alisema.

"Si mwizi. Mwizi anakuja."

Maana sheria inasema Tulizo ni mali ya Tumbolinda pamoja na vizazi vyake vyote, na atakayebeba kizazi kisicho na leseni asafishwe. Choo kilikuwa kimeshapeleka habari. Kabla sijazima kioo, uso wa Bwana Ladislaus, mwakilishi wao wa kanda, ukajitokeza ukitabasamu. Ni mtu mpole sana. Upole wake unanichefua kuliko ukali wa mtu mwingine yeyote.

"Daktari Nakunda, hongera. Tumeona kitu kizuri sana kwenye kisomanasaba chako."

"Mmeona mtoto aliyepona."

"Ndiyo hicho. Kesho mchana timu itafika na kisafisho. Tutamsafisha mtoto pamoja na yule bibi, tutakusanya kila kitakachotoka, na viwanda vitaanza kazi. Mwakani, Mungu akipenda, dunia ina Tulizo Mpya."

"Na watoto walioko hapa juu?"

"Tunawaombea."

Alisema hivyo kweli.

"Ukimsafisha Nakiete tumbo linabaki tupu," nikamwambia, "na unamrudisha kwenye wadi iliyojaa ugonjwa. Atakufa. Na Bibi kwa umri wake hatamaliza wiki."

"Kuna hatari, sikatai. Lakini Daktari, tutofautishe. Hatumgusi mtoto. Tunachukua mali yetu iliyomo ndani ya mtoto."

Eliwaza alimfunika Nakiete masikio kwa viganja. Mtoto wa umri ule anaelewa nini? Alimfunika tu.

Nilipomkatia simu, kisomanasaba kikazima. Kisha jokofu la vimelea likajifunga. Kisha mlango wa chumba cha kukuzia. Vyote vilinunuliwa kwa msaada wa Tumbolinda, na vyote vilikuwa vinamtii Ladislaus kutoka huko aliko. Nilikuwa nimepanga kukikuza kile kirusi kwenye chupa safi na kuwapa watoto wote kabla ya jioni. Sasa nilibaki na mikono yangu tu.

3

Bibi Nakijwa alifika baada ya saa sita, amejitanda khanga mbili, hotpoti ya makande ikiwa kapuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi jikoni kwa wapishi wa hospitali na kutaka aelezwe kila kitu kuanzia mwanzo. Nikamweleza. Watani zetu Wachaga husema Mpare huuza ng'ombe ili apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Siku hiyo kwa mara ya kwanza niliona kuku mwenyewe ana thamani kuliko ng'ombe.

"Nitawashtaki," alisema Bibi.

"Sawa, Bibi. Lakini kesho mchana wako hapa."

"Nitawashtaki mpaka huko kwao. Kikopo changu! Sabuni yenyewe haikuwa na povu."

"Bibi."

Akanyamaza, akageukia sufuria kubwa iliyokuwa jikoni. Ulikuwa uji wa wadi, unatokota polepole.

"Si umesema kimo kwenye mate yangu?"

"Kimo. Kilimfikia Nakiete kwa mate hayo hayo."

"Na huo ndio uji wanaokunywa watoto wote?"

"Ndiyo."

Akafungua hotpoti. "Basi mambo yameisha. Mimi natafuna, wewe unakoroga. Ukipoa kidogo ili kisiungue, unawapelekea. Nani atajua?"

Mpishi aliangalia pembeni. Nilishika mwiko. Nakiri nilitaka kufanya hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Juu yangu, ghorofa moja tu, nilikuwa nasikia mtoto analia kile kilio kisicho na machozi, maana mwili hauna maji ya kuyatoa.

"Siwezi," nikasema.

"Mkono unauma?"

"Bibi, wale wa vikopo walisema wanapima minyoo. Walikudanganya kuhusu kilichotoka tumboni mwako. Mimi sitaki kuwaingizia watoto wa watu kitu tumboni na kusema ni uji."

"Wao walitaka faida. Wewe unataka wapone!"

"Hata Ladislaus anasema anataka wapone."

Hilo lilimuuma. Alisimama, na ingawa ananifika begani tu, nilirudi nyuma.

"Sasa watoto wafe kwa ajili ya heshima zako? Ukiwauliza mama zao wataogopa. Choo kimewatisha. Wengine watakataa. Umefikiria? Mmoja akikataa mwanawe akafa, utaniambia nini mimi?"

Kirusi chenyewe nilikuwa nimekijua tangu asubuhi tu. Nilichokuwa nacho ni mtoto mmoja aliyepona na bibi mmoja mwenye afya. Ningeweza kuapa kwamba hakina madhara? Nisingeweza. Na mzazi anayekipokea anapaswa kujua kwamba nisingeweza.

"Twende juu," nikasema. "Njoo na makande yako."

4

Nilisimama katikati ya wadi nikasema yote kwa sauti. Nikasema kuna kirusi kinachoua mharo huu, kimetoka kwa bibi yangu, na njia pekee tuliyo nayo ya kukipata ni chakula alichokitafuna yeye. Nikasema nimekijua leo. Nikasema kampuni inadai ni chake, kwamba kesho inakuja kusafisha kila atakayekuwa nacho, na kwamba sijui nitawazuiaje. Nikasema kila mama ana haki ya kukataa, na akikataa dripu ya mwanawe itaendelea kama kawaida.

Mama mmoja kutoka Gonja akauliza, "Huyo bibi ana TB?"

"Hana. Amepimwa."

"Basi mpe wangu."

Baada ya huyo walikuja wengine. Kila mmoja aliuliza swali lake. Mmoja aliuliza kama mtoto atabadilika tabia afanane na Bibi, na wadi ikacheka, hata Bibi mwenyewe. Alikwenda kitanda hadi kitanda, anatafuna kwa meno aliyobakiwa nayo, na kila alipofika nilimuuliza mama kwa jina lake, na Bibi hakunyoosha kidole mpaka mama ameitikia kwa mdomo wake mwenyewe. Wengine waliitikia huku wanalia.

Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alikuwapo Tunu, muuza vitenge wa kutoka tambarare. Binti yake Ramla alikuwa mgonjwa kuliko wote.

"Sitaki," alisema Tunu.

Nikamweleza tena, taratibu. Akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Nimekuelewa, Daktari. Mimi ni mgeni hapa, sina ndugu wa kunisemea. Choo kikishamtaja mwanangu, hospitali gani nyingine itanipokea? Na hicho kitu, wewe mwenyewe unasema hukijui. Sitaki."

"Bila hicho, naogopa kwamba…"

"Nimesema sitaki."

Ramla alikuwa amelala mdomo wazi. Bibi alikuwa na tonge tayari kidoleni. Nikaona kidole kile kinaanza kwenda, polepole, huku Tunu amegeuka kufuta jicho. Sekunde moja tu ingetosha, na hakuna ambaye angejua zaidi yetu wawili. Nikamshika Bibi mkono. Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena, kisha akala lile tonge mwenyewe na kutoka nje.

5

Asubuhi mama wa Gonja aliniita kwa kelele mpaka nikadhani kuna msiba. Mwanawe alikuwa ananyonya. Kitanda cha pili nepi ilikuwa kavu. Mwingine alikuwa analia kwa machozi, machozi ya kweli, na mama yake alikuwa anamwonyesha kila mtu mashavu ya mtoto yaliyolowa. Kirusi kilikuwa kinafanya kazi yake, kinaruka kutoka bakteria huyu hadi yule bila kumwomba Ladislaus ruhusa.

Ramla alikufa jua lilipokuwa linachomoza. Nilikuwa nimekaa naye. Tunu alimfunga mwenyewe kwenye kitenge kipya, hakutaka msaada, akasema anasubiri gari la kumrudisha nyumbani akamzike.

Nina hasira hadi leo. Sina hasira na Tunu. Nina hasira na watu waliomchukulia bibi yangu kirusi kwa uongo, wakakisambaza dunia nzima, wakalala usingizi. Mimi niliyeuliza sijalala. Nani aliipanga dunia namna hii, kwamba anayeuliza ndiye abebe maiti?

Chombo cha kuruka cha Tumbolinda kilitua uani saa saba. Bwana Ladislaus akashuka na suti ya kijivu, nyuma yake mafundi wamebeba mapipa ya kisafisho na walinzi wenye kofia. Alinipa mkono. Sikuupokea.

"Daktari, tunaomba mtoto na bibi."

"Nakiete hayuko peke yake tena. Ni wadi nzima."

Tabasamu likamganda. Akatoa kifaa chake, akasoma taarifa za choo, akasoma tena. "Umesambaza kizazi cha Tulizo bila idhini."

"Nilipata idhini. Ya mama zao."

"Yetu!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Unajua hiki kitakuwa wapi baada ya mwezi mmoja? Watoto hawa watarudi kwao. Watacheza na wenzao. Kitashuka mlimani, kitafika Dar, kitapanda ndege. Hakuna atakayehitaji kununua chochote! Wasafisheni wote. Sasa hivi. Mlango ni ule."

Mafundi wakaanza kusukuma mapipa ukumbini. Eliwaza alimkumbatia Nakiete akarudi nyuma hadi ukutani. Bibi Nakijwa, ambaye tangu jana hakuwa amesema nami neno, alikuja akasimama upande wangu. Sisi wawili hatukuwa kizuizi cha maana kwa walinzi wale.

Aliyewasimamisha alikuwa Tunu. Alitoka kwenye benchi alipokuwa anasubiri gari, kile kitenge kifuani mwake, akatangulia hadi kwenye mlango wa wadi na kusimama katikati yake. Mafundi waliona alichobeba wakaacha kusukuma.

"Mama, pole sana," alisema Ladislaus. Sauti ilirudi kuwa laini. "Tunaomba utupishe. Wewe jambo hili halikuhusu, mtoto wako hakuwa na kirusi chetu."

"Hakuwa nacho. Unajua kwa nini?"

"Mama…"

"Huyu daktari aliniuliza nikasema sitaki. Alikuwa na dawa mkononi. Mtoto alikuwa mbele yake, mdomo wazi, nami nilikuwa nimegeuka. Nilimwona kwenye kioo cha dirisha akimzuia bibi yake. Aliniheshimu, na mwanangu ndiye huyu."

Mimi mwenyewe sikujua kwamba alituona.

"Ningeweza kumchukia," Tunu akaendelea, "na labda nitamchukia nikifika nyumbani. Lakini neno langu lilisikilizwa, na limenigharimu Ramla. Sasa nakwambia neno lile lile wewe mwenye mapipa. Mama hawa hawataki. Mimi sitaki. Utapita juu yetu hata hivyo?"

Ladislaus akawageukia walinzi wake. Mmoja alikuwa ameshavua kofia, anaitazama sakafu. Mwingine alirudi hatua mbili, akaweka mkono juu ya pipa lililokuwa mbele yake, akaanza kulivuta kurudi uani.

Tunu akakaa chini pale pale mlangoni, akamlaza Ramla mapajani, akamfunika uso vizuri.